Hotuba ya Mkurugenzi Katika Miaka Kumi ya Maabara ya Shule

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Maadhimisho ya Hisabati, Sayansi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Ndugu Katibu wangu, uliyeketi kulia kwangu chini ya mwamvuli. Ndugu Katibu Msaidizi, uliyeketi juani kwa sababu mwamvuli haukutosha wawili. Mama Mkuu wa Shule, ambaye nimeambiwa umeshikwa na homa tangu ulipopokea barua ya ujio wangu, na salamu zangu zikufikie hukohuko ulikolala. Mwakilishi wa wazazi, fundi seremala, ambaye pia ndiye mwenye viti tulivyokalia. Walimu wote, kwa maana ya wote wawili. Watahiniwa thelathini na saba wa darasa la mwisho. Mama mpishi pamoja na kikosi chako cha jikoni. Wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, na nyinyi mliosimama nje ya uzio mkidhani kuna kitu kinagawiwa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi machache. Kipaza sauti kinapiga mluzi, watu wanaziba masikio.)

Ahsanteni. Nitasema kwa ufupi sana, ndiyo maana nimekuja na kurasa arobaini na mbili tu.

(Mama mpishi, kutoka nyuma: "Baba, maharage yako jikoni!")

Epua, mama. Maharage yataliwa leo na kesho yatasahaulika, lakini sherehe hii itaingia kwenye ripoti ya mwaka. Leo tumekusanyika hapa uwanjani, chini ya jua hili ambalo nalo ni suala la kisayansi, ili kuadhimisha miaka kumi ya Maabara ya Sayansi ya shule hii. Kabla sijafika huko niwaeleze taratibu adhimisho ni kitu gani, kwa sababu nimelifanyia kazi jambo hili miaka ishirini na sita na nimegundua kwamba wengi hulihudhuria bila kulielewa.

Kwanza kuna tukio. Mtu fulani, mahali fulani, anagundua kitu. Hilo ndilo tukio, na tusidanganyane, tukio ni jambo la ovyo. Linachafua nguo, linaunguza vidole, na mara nyingi hutokea bila kumtaarifu kiongozi yeyote. Chukueni yule mzee wa kale ambaye husimuliwa kwamba alikuwa anaoga, akaona maji yanapanda, akaelewa jambo, akatoka mbio barabarani bila nguo huku akipiga kelele kwamba amepata. Nawauliza: palikuwa na mgeni rasmi? Palikuwa na ratiba? Palikuwa na mtu wa kumwambia, mzee, subiri kwanza uvae? Hapakuwa! Kisha miaka ikapita, wakaja watu wenye akili timamu, wamevaa suti, wakakaa mezani, wakachapisha beji, wakaandaa risala. Hilo sasa ndilo adhimisho. Tukio hutokea mara moja likaisha, ila adhimisho hurudi kila mwaka. Nyinyi watahiniwa mnajua hesabu: kipi kikubwa, moja au nyingi?

(Watahiniwa, kwa pamoja na bila furaha: "Nyingi.")

Safi kabisa. Ndiyo maana idara yangu, kwa kutumia fremuweki shirikishi na mikakati jumuishi, mwaka uliopita peke yake iliadhimisha matukio mia mbili na kumi na manne, ambayo ni sawa na asilimia mia moja na saba ya matukio yote ya sayansi yaliyowahi kutokea duniani.

(Fundi seremala: "Hizo saba zimetoka wapi?" Vicheko.)

Zimetoka kwenye juhudi, fundi. Niwape mifano michache, mwone tunavyokesha kwa ajili yenu. Tuliadhimisha kupimwa kwa kasi ya mwanga. Badala ya kukaa kimya dakika moja kama wafanyavyo watu wasio na utaalamu, tulikaa kimya kwa muda uleule ambao mwanga huutumia kuvuka ukumbi wetu wa mikutano. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, lakini kimya kilikaliwa na taarifa yake ina kurasa kumi na moja. Tuliadhimisha nguvu ya mvutano, na jukwaa la wageni waheshimiwa likaporomoka likiwa na wageni waheshimiwa, jambo ambalo wenye wivu waliliita ajali na sisi tuliliandika kuwa onyesho kwa vitendo. Ile nyota yenye mkia ambayo hurudi takriban kila baada ya miaka sabini na sita, tumekwisha kuiandikia barua ya mwaliko. Na ile namba ya duara, ile inayoanza na tatu nukta moja nne na kuendelea bila mwisho, wenzetu wa mbali huisherehekea mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne, kwa sababu wao hutanguliza mwezi. Sisi hutanguliza tarehe. Kwa hiyo nilikaa ofisini, nikafunga mlango, nikapiga hesabu mwenyewe, nikaamuru sherehe ifanyike tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nne.

(Minong'ono. Sauti ya mtahiniwa: "Mwezi wa nne una siku thelathini!")

Nimesikia. Hata Katibu aliniambia hivyo. Nikamjibu kwamba mwezi una siku thelathini kwa sababu haukupewa msukumo wa kiutawala. Sherehe haikuhudhuriwa na mtu yeyote, na ndiyo sherehe pekee katika historia ya idara ambayo haikuwa na lalamiko hata moja.

Naona mkono umeinuliwa mbele hapa. Ni yule mwanamke kijana, mwalimu wa sayansi. Shusha mkono, mwanangu, kwenye ratiba hakuna kipindi cha maswali.

(Mwalimu wa sayansi, akiwa na karatasi mkononi: "Si swali, mheshimiwa. Ni sahihi tu. Mstari mmoja, sahihi moja, nami nakaa.")

Ahaa, ile barua. Ndugu wananchi, mwalimu wenu huyu amenifuata tangu niliposhuka kwenye gari. Amenifuata mpaka msalani, akasubiri mlangoni. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha jambo, nitawaeleza anachotaka, tena kwa utaratibu, ili mwenye haki aonekane.

Jumatatu ijayo watahiniwa hawa thelathini na saba wana mtihani wa sayansi kwa vitendo. Mtihani huo hufanyika maabarani. Sasa mwalimu, kwa haraka zake za ujana, amekwenda hadi shule ya ng'ambo ya daraja, akazungumza na mkuu wa shule ile, na mkuu yule amekubali watoto hawa wakafanyie mtihani kwake. Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini kanuni za mtihani zinasema, na kanuni ni kanuni, kwamba mtahiniwa haruhusiwi kwenda kwenye maabara ya watu ikiwa shule yake ina maabara. Anayethibitisha kwamba shule ina maabara au haina ni nani? Ni mimi. Na orodha inafungwa lini? Leo, saa kumi kamili alasiri, kwenye ofisi ya mkuu yule. Baada ya hapo, ambaye hayumo ameandikiwa sifuri kwenye vitendo, na mwenye sifuri kwenye vitendo hasongi mbele na masomo ya sayansi, hata kama mengine yote amepata mia. Basi mwalimu ameniletea barua niisaini. Nawasomea. "Shule hii haina maabara." Imekwisha! Haina utangulizi, haina kichwa cha habari, haina hata kwa heshima na taadhima. Maneno manne, ndugu zangu. Hata risiti ya sabuni ina maneno mengi kuliko haya.

(Mwalimu: "Ni manne kwa sababu saa nane imeshapita, mheshimiwa.")

Tulia, mwanangu. Nitakueleza kwa nini mkono wangu hauwezi kusaini maneno hayo, na ukishaelewa utanishukuru.

Miaka kumi iliyopita shule hii ilituletea ombi la maabara. Ombi zuri, limeandikwa kwa mwandiko wa kulala. Ofisini kwetu tuna fomu yenye visanduku viwili: kimoja kimeandikwa Tukio Linalotarajiwa, na cha pili Tukio Lililotokea. Katibu wangu huyu, wakati huo akiwa mgeni kazini na mwenye njaa, maana ilikuwa karibu na chakula cha mchana, aliiandika maabara yenu kwenye kisanduku cha pili.

(Katibu anainamisha kichwa chini ya mwamvuli.)

Usiiname, Katibu. Fomu ikaenda kiwandani, kalenda ikachapishwa, tena kwa rangi. Mwaka uliofuata nafungua kalenda yangu mwenyewe naona: leo Maabara ya shule fulani inatimiza mwaka mmoja. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngeanza kubishana na kalenda ya rangi? Nilivaa tai, nikaja hapahapa, nikakata utepe. Mwaka wa tatu nikaja, tukala keki. Mwaka wa tano nikaweka jiwe la msingi, hilo mnaloliona pale, jeupe, ambalo kwa mara ya kwanza liliwekwa miaka mitano baada ya jengo, na hiyo, kwa lugha ya kitaalamu, inaitwa inovesheni.

(Fundi seremala anasimama: "Mheshimiwa, sasa si ungewaambia watu wa majengo waje wajenge tu, yaishe?")

Niliwaambia, fundi! Usidhani nililala. Niliiandikia Idara ya Majengo barua tatu. Wakajibu kwamba hawawezi kujenga maabara mahali ambapo kumbukumbu rasmi zinaonyesha kuna maabara ya miaka mitano, kwani huo utakuwa ujenzi wa mara mbili, lakini wakasema wanaweza kuja kuifanyia ukarabati. Wakaja kweli, mafundi sita, na ngazi, na ndoo za rangi. Wakazunguka uwanja mzima asubuhi hadi adhuhuri wakitafuta pa kupaka. Mwisho wakapaka jiwe.

(Vicheko virefu. Mama mpishi: "Na ngazi wakaniachia mimi!")

Mama mpishi, umenikumbusha. Kabla sijasahau, naona pale nyuma ya jiwe kuna kamba, na kwenye kamba kuna aproni nane na taulo. Hizo ziondolewe. Zimeanikwa katikati ya chumba cha kemia.

("Baba yangu, hapo ndipo penye jua na upepo.")

Naam! Ndiyo maana ripoti yetu inasema chumba kina mwanga na hewa ya kutosha. Lakini ziondolewe.

Sasa nirudi kwa mwalimu, maana bado amesimama na anatazama saa. Mwalimu huyu, lazima niseme kwa haki, ni mchapakazi. Nimepata taarifa zake. Nimeambiwa watoto hawa wamejifunza kupima asidi kwa maji ya limau na maji ya majivu, kwenye vikombe vya chai vya mama mpishi, na kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kubadilisha rangi, walichemsha yale maua mekundu ya uani, na rangi ikabadilika vizuri tu. Nimeambiwa wamepima mwendo wa timazi kwa kutumia kamba ya kiatu na kokoto, wakihesabu kwa mapigo ya moyo ya mtoto mmoja mnene mtulivu ambaye moyo wake haukimbii ovyo. Haya ni mafanikio ya Maabara yetu!

(Mwalimu: "Mheshimiwa, ni mafanikio ya jikoni. Jumatatu watapewa bureti ya kioo, hawajawahi kuishika. Kule ng'ambo wamekubali tuingie kesho, siku nzima, tujizoeze. Kesho tu. Lakini leo majina yao yawe yameingia.")

(Fundi seremala: "Binti yangu aliniomba nimchongee hiyo bureti, huo mrija wa kupimia. Nikamchongea. Ya mbao! Mheshimiwa, mrija wa mbao unaona nini ndani? Mtoto akaukumbatia siku tatu kama mwanasesere, akisema, baba, angalau najua urefu wake.")

Hongera, fundi. Bureti hiyo iletwe ofisini kwangu, tutaiweka kwenye maonyesho.

("Siileti!")

Ni sawa, ni jazba za uzazi. Nami pia ni baba. Lakini tuwe watu wa mantiki, kama walivyokuwa mababa wa hisabati tunaowaenzi leo. Nikisaini kwamba shule hii haina maabara, nitakuwa nimesema kwamba nilikata utepe wa nini? Keki ile ya mwaka wa tatu ilikuwa ya nini? Na beji hizi mlizovaa, zilizoandikwa Miaka Kumi ya Kuthubutu, mnathubutu nini? Wiki ijayo natunukiwa nishani ya uadhimishaji, ngazi ya dhahabu, kwa sababu ya maabara hii. Mwanangu, unataka nifute miaka kumi ya historia kwa maneno manne? Hapana. Barua hii siisaini leo, wala kesho, wala tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nne.

(Mtahiniwa mmoja analia kwa sauti ya chini. Mwalimu anakunja barua, anakaa. Anainama, ananong'ona na watahiniwa wa mstari wa mbele. Kisha anasimama tena, safari hii bila karatasi, akitabasamu.)

Nini tena?

(Mwalimu: "Mheshimiwa, nimeelewa, na nakuomba radhi kwa kukusumbua. Nilikuwa na fikra finyu. Naomba tu, kwa faida ya hawa watoto, utufundishe jambo moja. Maabara ziko nyingi duniani. Hii yetu inazizidi nyingine kwa kitu gani?")

(Fundi seremala: "Alaa! Mwalimu, nawe umeanza kumpamba?")

(Mwalimu: "Nyamaza kidogo, fundi. Acha mzee afundishe.")

Mmeona? Mmeona mtu anapokomaa mbele ya macho yenu? Hilo ndilo swali, na nalifurahia kwa sababu limenifikisha kwenye ukurasa wa mwisho, ukurasa wa shukrani, ambao niliuandika kwa machozi. Mwalimu, keti. Watahiniwa, tegeni masikio, hili halimo vitabuni.

Katika ugunduzi wote wa wanadamu, upo mmoja ninaoupenda kuliko mwingine wowote, nao ni sifuri. Watu wa kale walihesabu mbuzi, walihesabu magunia, walihesabu siku. Kila namba ilikuwa na kitu nyuma yake. Moja ilikuwa mbuzi mmoja. Mbili, mbuzi wawili. Kisha akatokea mtu, au watu, ambao leo hatuna hakika hata na majina yao, wakatazama zizi tupu na hawakuona aibu. Walichukua kile ambacho hakipo, wakakipa alama, wakakipa nafasi yake kwenye mstari pamoja na namba nyingine, na tangu siku hiyo kikaheshimiwa. Bila sifuri hakuna kumi, hakuna mia, hakuna milioni, hakuna bajeti. Sasa nawauliza: mimi na idara yangu tumefanya nini kilicho tofauti?

(Mwalimu anaanza kupiga makofi. Watahiniwa wanamfuata, kwanza wachache, kisha wote.)

Ahsanteni, ahsanteni! Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri tangu asubuhi. Kwa moyo huo basi, nitoe shukrani. Namshukuru Katibu wangu kwa ile njaa yake ya miaka kumi iliyopita. Nawashukuru mafundi sita na ndoo zao. Namshukuru mama mpishi kwa kulitunza eneo. Lakini shukrani yangu kubwa kuliko zote naielekeza kwa Maabara yenyewe. Maabara hii, ndugu zangu, kwa miaka kumi haijavunja chupa hata moja. Haijaomba maji, haijaomba umeme, haijaomba gesi. Haijamuunguza mtoto, haijavuja mvua, haijaibiwa kioo, haijapasuka ukuta. Nionyesheni maabara nyingine duniani yenye rekodi ya namna hiyo! Na haya yote imeyaweza kwa sababu moja tu, ambayo leo, mbele yenu, naitamka kwa kifua mbele: maabara hii haipo, haijawahi kuwapo siku hata moja, na sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuadhimisha jambo bila kuwasumbua wananchi kwa jambo lenyewe!

(Shangwe kubwa. Watahiniwa wanasimama juu ya viti vya fundi. Fundi mwenyewe anapiga vigelegele. Sauti: "Rudia! Rudia, mzee!")

Nirudie? Narudia! Haipo! Haijawahi kuwapo!

(Mwalimu, akifikia meza kuu: "Mheshimiwa, maneno haya ni makubwa mno kupotea hewani. Yamo kwenye ukurasa?")

Yamo, mwanangu, neno kwa neno, nimechapishiwa na Katibu, chini ya nembo ya idara.

("Basi tia sahihi, na mhuri, na tarehe. Vizazi vijavyo visije vikasema aliyasema mtu mwingine.")

(Katibu anamvuta mkurugenzi kwenye mkono wa koti na kumnong'oneza kitu.)

Niache, Katibu, kila mara nikipigiwa makofi wewe una la kuninong'oneza. Nipe kalamu. Siyo hiyo, ile ya dhahabu. Hapa, sahihi ndefu, ile ya sherehe. Mhuri nao uje, ugongwe vizuri, usichafue jina langu. Tarehe ya leo, siyo ya kalenda. Haya, mwalimu, upokee ukurasa huu kwa mikono miwili, kwa niaba ya vizazi vijavyo. Na mpiga picha atupige.

Sasa sote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema Sayansi, nyinyi mseme Tuiadhimishe! Sayansi!

("Tuiadhimishe!")

Hisabati!

("Tuiadhimishe!")

Nikisema Ujenzi, mseme Baadaye! Ujenzi!

("Baadaye!" Sauti zimepungua.)

Mbona mnajibu kwa unyonge? Ujenzi!

(Sauti ya mama mpishi peke yake: "Baadaye, baba!")

Watahiniwa wako wapi? Nimefumba macho kidogo tu kwa ajili ya kaulimbiu, naona viti vitupu. Fundi, binti yako yuko wapi? Kwa nini nawe umevua viatu, unataka kukimbia uende wapi? Na wale kule barabarani, wale wote wenye sare, wanaokimbia kuelekea darajani, na yule mbele yao aliyeinua karatasi juu kama... Katibu! Ule ni ukurasa wangu! Mwalimu! Mwanangu, rudi, nilisema vizazi vijavyo, sikusema leo!

(Katibu anamnong'oneza tena.)

Unasema ulikuwa unajaribu kuniambia. Vizuri, sasa niambie. Saa ngapi hivi? Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Na kutoka hapa hadi ng'ambo ya daraja, kwa mtu anayekimbia, ni dakika ngapi?

Kumi.

Ina maana huyu mwanamke alinipigia makofi huku anapiga hesabu?

(Mama mpishi, akielekea jikoni: "Hesabu ndiyo kazi yake, baba. Wewe malizia hotuba, sisi wawili, mimi na maharage, tunakusikiliza.")